Ngozi ya elektrodi: maswali ninayoulizwa Lamu kuhusu vipandikizi vya neva

Matondoni hakuna mashua inayoshushwa majini bila deheni. Chokaa hukandwa na mafuta, ikapakwa kwa mkono ubao baada ya ubao, kwa sababu kila fundi anajua kuwa bahari haina haraka. Itatafuta mahali palipoachwa wazi mpaka ipaone. Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo. Mimi nikasomea vifaa vya tiba, na kazi niliyoing'ang'ania zaidi ni tando zinazopakwa kwenye elektrodi, vile vipande vidogo vya metali vinavyopeleka umeme kwenye neva ndani ya mwili.

Tangu mpwa wangu awekewe kipandikizi cha sikio Nairobi, siwezi kupita barazani bila kusimamishwa. Maswali ni yale yale, na ni mazuri. Nimeyaweka hapa kama nilivyoulizwa, na pale ambapo jibu linahitaji kirefu nimelipa kirefu chake.

Kipandikizi cha neva ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kinachosema na neva kwa lugha yake. Neva hupitisha habari kwa mipigo midogo ya umeme, na ukiweza kuupeleka mpigo mahali panapofaa, kwa kipimo kinachofaa, neva itaupokea kana kwamba ni wake. Kifaa huwa na kasha, mara nyingi la titaniamu, lenye saketi ndani yake, waya mwembamba, na mwisho wa waya kuna elektrodi.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1957 mjini Paris, Djourno na Eyriès waliipelekea umeme neva ya kusikia ya mgonjwa kiziwi, naye akatambua sauti. William House akafuata Marekani mwaka 1961. Mwaka 1978 Graeme Clark wa Melbourne, Australia, akapandikiza kifaa chenye elektrodi nyingi, kila moja na sauti yake. Kwa upande wa ubongo, Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alianza mwaka 1987 kutuliza mtetemeko wa mikono kwa mipigo ya umeme isiyokatika, na leo njia hiyo inawasaidia wagonjwa wa Parkinson duniani kote. Kuna vingine vya uti wa mgongo kwa ajili ya maumivu, na vya neva ya vagasi, neva ndefu ipitayo shingoni kutoka ubongoni, kwa kifafa.

Elektrodi ni metali tayari. Yapakwa kitu cha nini?

Hili ndilo swali lenyewe, nami nitalijibu kwa gati letu.

Simama Lamu asubuhi mashua ya saruji inapofika. Mashua haipandi barabarani na punda haingii baharini. Mfuko lazima ubadilishe mbebaji, na mahali pa kubadilishana ni ukingo wa gati. Sasa chukulia waya wa kipandikizi ndiyo barabara. Ndani yake umeme unabebwa na elektroni, hao ndio punda. Mwili ni maji ya chumvi, na humo umeme unabebwa na ayoni, yaani atomu zenye chaji, za sodiamu, potasiamu na kloridi, hizo ndizo mashua. Elektroni haziwezi kuogelea, ayoni haziwezi kuingia kwenye waya. Uso wa elektrodi ndio gati, na kila kheri na kila shari ya kipandikizi hutokea hapo.

Mabadilishano hayo yana namna zake. Iliyo salama zaidi ni pale ambapo hakuna kinachovuka kabisa. Elektroni zinajazana upande wa metali, ayoni zenye chaji ya kinyume zinajipanga upande wa maji, na msukumo unaifikia neva. Ni kama kapasita, kile kijisehemu cha saketi kinachotunza chaji. Namna ya pili ni mmenyuko wa kikemia unaoweza kurudishwa. Kinachochukuliwa kwenye mpigo wa kwenda kinarejeshwa kwenye mpigo wa kurudi, na ndiyo sababu vifaa hivi hupiga mipigo miwili miwili, mmoja chanya na mmoja hasi, ili hesabu ya chaji ifunge. Namna ya tatu ndiyo tunayoikimbia. Volteji ikizidi, maji yenyewe yanapasuka kuwa hidrojeni na oksijeni, uchachu wa maji yaliyo karibu unabadilika, kloridi inageuka kuwa sumu, na metali inaanza kuyeyuka. Kwa platinamu mlango ulio salama ni mwembamba: kutoka kama volti 0.6 hasi hadi volti 0.8 chanya, ukipima dhidi ya elektrodi rejeo, yaani ya kulinganishia, ya fedha na kloridi yake.

Utando unaopakwa una kazi moja kubwa: kuongeza nafasi gatini bila kuongeza ukubwa wa elektrodi. Uso wenye vinyweleo na mabonde una eneo halisi kubwa mara nyingi kuliko eneo unaloliona kwa jicho. Mizigo mingi ikipata pa kuteremkia, volteji haipandi, na maji hayapasuki.

Naweza kuliona jambo hili kwa macho yangu?

Unaweza, jikoni kwako. Chukua kikombe cha maji, koroga kijiko cha chumvi, chukua sindano mbili za chuma na betri ya volti 9. Funga waya kutoka kila ncha ya betri hadi kwenye sindano, kisha uzitie zote mbili majini bila kugusana. Fanya dirisha likiwa wazi.

Kwenye sindano ya upande hasi utaona mapovu mepesi yakipanda mfululizo, hiyo ni hidrojeni. Kwenye ile ya upande chanya hutaona mapovu ya kutajika. Utaona maji yakichafuka, wingu la kijani likigeuka rangi ya kutu na kutulia chini ya kikombe. Baada ya dakika chache itoe uifute kwa kitambaa. Ilipokuwa laini sasa imeliwa, ina vijishimo kama msumari wa mashua iliyokaa pwani miaka kumi. Nimewafanyia jaribio hili watoto wa madrasa, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na hii ndiyo wanamtia mtu kichwani?" Hapana, mwanangu. Ni kwa sababu ya hii ndipo watu wametumia miaka mingi kutafuta kitu kingine.

Kwa nini isitumike fedha? Au dhahabu? Masonara wetu wanazijua vizuri.

Wanazijua, na sonara ndiye wa kwanza kunielewa ninapozungumzia utando, kwa sababu anajua tofauti ya pete ya dhahabu na pete ya kuchovya. Lakini fedha inadhuru seli za ubongo. Hutumika kwenye elektrodi za juu ya ngozi, si za ndani. Shaba vivyo hivyo ni sumu. Dhahabu haishiki kutu kidoleni, ila ukiipa umeme chanya ndani ya maji ya chumvi, kloridi inaishika na kuiyeyusha kidogo kidogo. Chuma cha pua kinastahimili zaidi kuliko sindano za jikoni, lakini kwa mipigo ya miaka mingi nacho kinaliwa.

Kilichobaki ni platinamu?

Platinamu, mara nyingi ikichanganywa na iridiamu kiasi cha asilimia 10 ili iwe ngumu. Ni nzito, uzito wake ni zaidi ya mara 21 ya maji ya ujazo ule ule, na mwili unaivumilia. Nisikufiche: kipandikizi cha sikio cha mpwa wangu, na vile vya kawaida vya ubongo, vina metali hiyo ikiwa wazi, bila utando wowote juu ya uso unaogusa mwili. Inatosha kwa sababu elektrodi zake ni kubwa.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Elektrodi moja ya kawaida ya ubongo ni bangili ndogo yenye kipenyo cha milimita 1.27 na urefu wa milimita 1.5. Eneo lake la nje ni kama milimita 6 za mraba. Ukiipa mkondo wa miliampea 3 kwa maikrosekunde 60, unapeleka chaji ya maikrokulombu 0.18 (kulombu ni kipimo cha chaji, na maikro ni sehemu moja ya milioni), ambayo ikigawanywa kwenye eneo lile inakuwa maikrokulombu 3 kwa kila sentimita ya mraba. Platinamu laini, yaani isiyo na vinyweleo wala mabonde, inabeba kwa usalama kati ya 50 na 150. Hapo tumetulia.

Sasa punguza elektrodi iwe kiduara chenye upana wa maikroni 50, yaani sehemu 50 za elfu za milimita, chembamba kuliko unywele, kwa sababu unataka kuzisemesha seli chache tu badala ya mtaa mzima. Ipe nanokulombu 4 (nano ni sehemu moja ya bilioni), chaji iliyo ndogo mara 45 kuliko ile ya kwanza. Gawanya tena: inakuwa zaidi ya maikrokulombu 200 kwa sentimita ya mraba. Platinamu laini imeshindwa. Kadiri tunavyotaka kifaa kiseme kwa ufasaha zaidi, ndivyo elektrodi inavyozidi kuwa ndogo, na ndivyo utando unavyoacha kuwa pambo na kuwa sharti.

Tando zipi zinatumika, na ipi ni bora?

Wanafunzi hunitaka niseme moja. Sitasema, kwa sababu kila moja ina bahari yake.

Oksidi ya iridiamu ndiyo ninayoiamini zaidi kwa elektrodi ndogo. Iridiamu iligunduliwa London mwaka 1803 na Smithson Tennant, akaipa jina la Iris, mungu wa Kigiriki wa upinde wa mvua, kwa ajili ya rangi nyingi za chumvi zake. Oksidi yake ina tabia ya kuvuta na kutoa. Atomu za iridiamu zinabadilisha hali, zinapokea elektroni na kuziachia, na ayoni zinaingia na kutoka katika unene wote wa utando, si usoni tu. Ndiyo maana inabeba kati ya milikulombu 1 na 5, yaani maikrokulombu 1,000 hadi 5,000, kwa sentimita ya mraba, makumi ya mara kuliko platinamu laini. Mara ya kwanza nilipoiona, ilikuwa imepakwa juu ya kipande cha kioo kinachopitisha umeme, ndani ya bilauri ya maji ya chumvi. Volteji ikipanda, kioo kinaingia weusi wa buluu kama wino. Ikishuka, kinang'aa tena. Nilikaa nikitazama mpaka mlinzi akaja kufunga mlango. Chaji ambayo hatuiamini ila kwa tarakimu ilikuwa inaingia na kutoka mbele ya macho yangu.

Inapakwaje? Unaweza kuikuza juu ya iridiamu yenyewe kwa kuipandisha na kuishusha volteji mara nyingi, unaweza kuirusha kwa plazma, gesi iliyotiwa chaji, ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, au kuichovya kwa umeme kutoka kwenye majimaji. Ubaya wake: ukiizidishia volteji hasi, inavunjika na kuachia vijichembe mwilini.

Naitridi ya titaniamu umeshaiona bila kujua. Zile kekee za rangi ya dhahabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi zimepakwa hiyo, kwa sababu ni ngumu. Ile ya elektrodi hupakwa kwa namna inayoota nguzo nguzo ndogo, ikanyonya mwanga na kuonekana nyeusi. Inafanya kazi kama kapasita tupu, bila mmenyuko, na imetumika sana kwenye waya za vifaa vya kuendesha moyo. Haifiki mbali kama iridiamu, lakini ina subira.

Platinamu nyeusi, yaani platinamu iliyochovywa ikatoka kama masizi, ni ya tangu karne ya 19. Ina eneo kubwa ajabu, na inakwanguka kwa kidole. Isitoshe, majimaji ya kuichovyea kwa desturi yalitiwa risasi. Mimi siiweki mwilini.

Nasikia kuna na tando za polima. Polima inapitishaje umeme? Si plastiki hiyo?

Ni plastiki, na ndiyo sababu dunia ilishangaa. Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000 kwa kuonyesha kuwa plastiki ya namna fulani inaweza kupitisha umeme. Inayotumika zaidi kwenye elektrodi inaitwa PEDOT. Inanyonya maji na ayoni kama sponji, ni laini kuliko metali yoyote, na maabarani imefikia kiwango cha oksidi ya iridiamu na wakati mwingine kukipita. Ukinzani wa elektrodi, yaani inavyoukaidi umeme, unashuka sana, na hilo lina faida ya pili: elektrodi ile ile inaweza kusikiliza neva, si kuipigia tu.

Shida yake ni kushika. Nilipokuwa mwanafunzi nilichovya PEDOT juu ya vipande vinane vya platinamu. Vilitoka vizuri, buluu iliyokolea hadi ukingoni. Nikaviacha kwenye maji ya chumvi vikipigwa mipigo usiku na mchana. Siku ya tatu nikaweka kimoja chini ya hadubini: utando ulikuwa umeinuka upande mmoja kama ganda la kitunguu, na chini yake platinamu inang'aa, safi, kana kwamba haijawahi kupakwa kitu. Nilikishika kwa vidole kabla ya kukipaka. Mafuta ya kidole changu yalitosha.

Baba nilipomwambia hakushangaa. Alisema ubao usiokauka haupokei deheni, uupake mara ngapi. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea utando mpya na tarakimu kubwa za chaji, swali langu la kwanza ni lile la fundi: umeshika? Watafiti sasa wanakwaruza platinamu kwa leza ili utando upate mahali pa kung'ang'ania, au wanaweka tabaka la kati la kuunganisha. Hizo ndizo kazi ninazozisoma kwanza.

Na ile sehemu isiyotakiwa kupitisha umeme?

Nayo hupakwa, na inapewa sifa ndogo kuliko inavyostahili. Waya wote isipokuwa ncha lazima ufunikwe, la sivyo umeme unavuja njiani. Silikoni ya mpira (silicone) ni ya zamani na imethibitika. Ni laini, inapindika. Parilini, aina ya plastiki, hupakwa kama mvuke. Unga wake hupashwa moto ukawa gesi, gesi inapitishwa kwenye tanuri la nyuzi mia sita na ushei ikakatika vipande, kisha inatua juu ya kifaa katika joto la kawaida la chumba, ndani ya ombwe, na kujifunga upya kuwa ngozi moja isiyo na mshono. Inaingia kila pembe ambapo brashi isingefika. Sindano za silicon, ile ngumu ya chipu za kompyuta na si ya mpira, za kibao cha elektrodi za ubongo kinachoitwa Utah, milimita 4 kwa 4 na sindano 100, hufunikwa kwa parilini mwili mzima isipokuwa nchani, ambako huachwa platinamu au oksidi ya iridiamu.

Maji hayaingii kwa kutoboa. Mvuke wa maji unapenya plastiki zote, polepole. Kinachoua kifaa ni pale utando ulipoachana na metali ukaacha uwazi, mvuke ukapata pa kukusanyika na kuwa tone. Tena ni habari ya kushika.

Mwili haukikatai kitu kigeni?

Haukikatai kama unavyokataa figo ya mtu mwingine, lakini unakizungushia ukuta. Ubongo ni laini kama halwa iliyotoka sufuriani. Ukichoma ndani yake sindano ngumu ya silicon, kila mtu anapopumua na moyo unapodunda sindano inabaki pale pale na ubongo unasogea. Seli za ulinzi zinakuja, baada ya wiki kadhaa kuna kovu, na neva uliyotaka kuisemesha iko nyuma ya pazia. Kifaa kinalazimika kupaza sauti.

Kwa hiyo tando nyingine zinapakwa kwa ajili ya mwili, si kwa ajili ya umeme: jeli laini zenye maji mengi, au dawa ya deksamethasoni inayoachiliwa kidogo kidogo ili kupoza uvimbe. Waya za moyo zimetumia dawa hiyo tangu miaka ya 1980 na imewasaidia wengi. Kwa ubongo bado ni kazi ngumu, kwani dawa inaisha na kovu linangoja.

Utando ukibeba chaji nyingi zaidi, si daktari anaweza kuongeza nguvu apendavyo?

La. Utando unalinda elektrodi na unazuia kemia mbaya, lakini neva yenyewe ina mpaka wake. Mwaka 1992 mtafiti Shannon aliandika mlinganyo unaohusisha chaji ya kila mpigo na msongamano wake, ukionyesha pale ambapo tishu huanza kuumia. Elektrodi inaweza kuwa salama salimini na seli zilizo pembeni zikafa kwa kuchoshwa. Hili ni kosa ninalolikuta hata kwenye maandishi ya wataalamu.

Mnajuaje kuwa utadumu? Hamjaishi nao miaka thelathini.

Hesabu kwanza uone uzito wa swali lako. Kifaa cha ubongo kinachopiga mara 130 kwa sekunde kinapiga zaidi ya mara milioni 11 kwa siku, na zaidi ya bilioni 4 kwa mwaka.

Tunaharakisha kwa joto. Sampuli inalowekwa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 67 badala ya 37, na kwa kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinaongeza kasi maradufu, mwaka mmoja wa maabara ni kama minane ya mwilini. Ni makadirio. Kuna vitu vinavyoharibika kwenye joto ambavyo visingeharibika mwilini, na kuna vitu vya mwilini, kama seli zinazomwaga kemikali kali kwenye kovu, ambavyo havimo kwenye bilauri. Ninamwamini zaidi mtu anayeniletea kifaa kilichotolewa mwilini baada ya miaka kumi, akakikata na kukitazama, kuliko mwenye grafu nzuri ya wiki sita.

Mtoto mwenye kipandikizi cha sikio anaweza kuoga baharini Shela?

Sehemu ya ndani iko chini ya ngozi na imekuwa kwenye maji ya chumvi tangu siku ya kwanza. Damu na majimaji ya mwili yana chumvi kama gramu 9 kwa lita, bahari ina kama 35. Joto la Lamu halimfikii pia, kwa sababu ndani ni nyuzi 37 iwe Kaskazi iwe Kusi. Kinachoharibika ni sehemu ya nje inayovaliwa sikioni. Ivuliwe, au ivalishwe kifuniko chake cha maji kama kipo. Mpwa wangu huivua na kumpa mamake kabla hajafika kwenye mchanga, na usiku inalala kwenye kopo lenye dawa ya kukaushia unyevu. Kupiga mbizi kwenda chini ni jambo la kumuuliza daktari aliyempasua.

Ni kweli kifaa hicho kilitokana na konokono?

Kwa sehemu, ndiyo. Koklea, sehemu ya ndani ya sikio anakoingizwa waya wa elektrodi, imezongwa kama konokono, na Graeme Clark hakujua waya utafikaje ndani bila kuumiza. Mwaka 1977, akiwa likizo pwani ya Minnamurra, aliokota kombe la konokono akaingiza jani la nyasi ndani yake. Jani lililo laini nchani na gumu kidogo shinani liliteleza likazunguka lote. Waya wa elektrodi ukatengenezwa hivyo.

Nimelijaribu na wapwa zangu Shela. Majani makavu yalikatika, majani machanga kabisa yakakunjamana mlangoni. Lililoingia lilikuwa jani la kati na kati, tulilolishika karibu na shina na kulisukuma taratibu huku tukizungusha kombe kwa mkono mwingine. Nasema hivi kwa sababu utando mgumu unabadilisha hata hilo: ukiupaka mnene, umeharibu ulaini wa ncha.

Nimwulize nini daktari kabla ya kukubali?

Muulize elektrodi ni za nini na ngapi, na je, utando wake umeshatumika kwa watu au ni wa majaribio. Muulize kama mgonjwa ataweza kupigwa picha ya MRI baadaye. Muulize ukinzani utapimwa kila baada ya muda gani, nawe uombe nakala ya vipimo.

Na uulize nani atakihudumia. Kipandikizi cha jicho kiitwacho Argus II, chenye elektrodi 60, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Miaka michache baadaye kikaacha kutengenezwa, na watu wakabaki na kifaa machoni pao bila wa kukirekebisha. Utando unaweza kudumu kuliko kampuni. Sisi ambao kwenda kliniki kwetu huanza na mashua ya Mokowe, kisha basi la siku nzima na zaidi, tuulize mara mbili.

Metali hizi zatoka wapi? Hapa kwetu hakuna?

Sehemu kubwa ya platinamu na iridiamu ya dunia huchimbwa Afrika Kusini. Inatoka bara letu kama udongo na kurudi ikiwa ndani ya kifaa cha bei kubwa. Kazi ya kupaka haihitaji mgodi, inahitaji maabara safi, mikono iliyofunzwa na uvumilivu. Ningependa kumwona binti wa Lamu akiifanya.

Deheni hiyo hupakwa tena baada ya muda gani?

Swali hili ni la baba, aliniuliza akiwa ameshika kisu cha kukwangulia chini ya mashua iliyopandishwa pwani. Vyombo vyake hupandishwa kila baada ya miezi michache, vikakwanguliwa, vikapakwa upya. Nikamwambia hupakwa mara moja tu. Chombo hiki hakipandishwi pwani tena, ila kwa kumpasua mtu upya.

Aliweka kisu chini. "Sasa mwajuaje kama kinaanza kuliwa?"

Tunajua kwa ukinzani. Kifaa kinatuma mpigo mdogo kwenye kila elektrodi na kupima inavyokaidi. Elfu kadhaa za omu ni kawaida kwa sikio. Ikipanda ghafla, huenda waya umekatika au kovu limeota. Ikishuka mno, huenda unyevu umepenya na umeme unavuja. Kila mara mpwa wangu arudipo kliniki namwomba mamake anipigie picha ile karatasi ya vipimo. Naweka ya zamani na mpya sambamba mezani, nafuata kwa kidole safu ya elektrodi 22, moja hadi moja, na baba huketi karibu nami akisubiri nifike ya mwisho.